Baridi Iliyovuja Njiani Kwenda Kathonzweni

Kilichotutoa kijijini kwetu Nuu ni mtoto. Musyoka, mwana wa dada yangu Kalekye, alikuwa akifanya kazi Kathonzweni, na mkewe Mwikali alikuwa amejifungua msichana wao wa kwanza. Sisi Wakamba binti wa kwanza humpa jina la mama wa baba, kwa hiyo mtoto alikuwa Kalekye, na Jumapili angepelekwa kanisani kuombewa. Sasa ni nani wa kumbeba mbele ya watu kama si mwenye jina?

Shida ni kwamba dada yangu alikuwa hasafiri. Alipokuwa msichana, nyumba ya nyasi iliwaka moto akiwa ndani, ukamla mgongo, kifua na mikono yote miwili. Daktari alitueleza kwamba ngozi iliyoungua hivyo haitoi jasho. Joto likimwingia, halina pa kutokea. Mimi mwenyewe nimemwona akianguka shambani kwa kukaa juani kidogo tu. Mchana wake aliupitisha ndani ya nyumba. Na usiku, miaka ile ya tisini, barabara yetu haikuwa ya watu wema. Hata harusi ya Musyoka hakuiona.

Halafu Musyoka akanunua gari jeupe la mitumba, lenye kipoza hewa. Akalileta mpaka mlangoni Jumamosi asubuhi, akamwambia mama yake, "Mwaitu, ndani ya hili hakuna jua."

Tulipokuwa tunaondoka Nuu, kaka yetu Mwendwa alileta mfuko wake wa turubai wa maji, ule wa zamani za malori, akautundika kwa ndoano ya chuma mbele kabisa ya gari, upepo uyapoze maji. Musyoka alitaka kukataa. Mwendwa akamwambia, "Wewe umekaa mjini. Mtu wa Nuu haendi mbali bila maji." Basi tukaondoka na mfuko wetu unaning'inia.

Mwingi hadi Kitui tulikuwa kama wageni wa serikali. Vioo vimefungwa, vumbi liko nje, sisi tuko ndani tunapulizwa baridi. Nilijifunga leso ya pili mabegani. Kalekye aliitazama milima kama mtu anayehesabu mbuzi wake, akaniambia, "Syokau, kumbe kuna watu huishi hivi na bado wananung'unika?"

Tulipofika Wamunyu upepo ule ulianza kulegea. Machakos ulikuwa pumzi ya ng'ombe. Musyoka alisimama kwa fundi mmoja kijana, ambaye hata boneti hakuiinamia vizuri. "Gesi imeisha tu, mama. Naongeza." Akaongeza, ikarudi baridi, tukafurahi.

Furaha hiyo ilitufikisha barabara ya Mombasa, haikutufikisha mji mdogo wa Salama. Kilichotoka sasa kilikuwa joto tupu. Tulifungua vioo, likaingia joto jingine. Kalekye aliacha kuongea. Uso ulikuwa mkavu na mwekundu, akafumba macho.

Musyoka aliegesha gari Salama, kando ya wauza nyanya. "Mwaitu, hapa umefika. Nitakutafutia chumba upumzike. Nitaenda mimi, mtoto aombewe, nirudi nikuchukue kesho jioni."

Kalekye akafumbua macho. "Harusi yako nilihadithiwa. Na hili nalo nihadithiwe?"

Mama mmoja wa nyanya, anaitwa Ndinda, alikuwa amesikia yote. Akatuonyesha mlango wa bati. "Nendeni kwa Hassan. Hutengeneza friji za malori ya nyama. Ana kelele, lakini mkono wake ni mzuri."

Hassan alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, ndevu za hina, na kweli kelele zilikuwapo. Alinisalimu kwa Kikamba kizuri kuliko cha wajukuu wangu. Alipomwona Kalekye alimwita mkewe, Halima, naye akamwingiza chumba cha mawe chenye giza, akautungua mfuko wa Mwendwa kwenye ndoano na kumlowesha dada yangu kwa shuka na maji yale. "Huyu niachie," akaniambia. "Wewe kamsimamie huyo mume wangu asihubiri sana."

Hassan akamgeukia Musyoka. "Nani amekuongezea gesi?"

"Fundi wa Machakos."

"Aliangalia inakotokea?"

"Aliongeza tu."

"Basi umemlipa mtu akujazie ndoo iliyotoboka!" Akacheka peke yake. "Mama Syokau, sikia. Gesi hii si mafuta ya taa, haichomwi ikaisha. Inazunguka kwenye mabomba, inarudi ilikotoka. Ikipungua, imepata mlango. Na humo ndani inatembea na mafuta kidogo. Ikitoroka inaacha mafuta mlangoni, na vumbi lenu la Nuu linakwama hapo. Vumbi halijui kuficha."

Akafungua boneti. Chini kulikuwa na doa kubwa jeusi. Musyoka akaruka, "Hapo! Hapo!" Hassan akapaka povu la sabuni kwa brashi, akatulia. Povu likakaa tu. Akanusa kidole. "Hii ni ya injini, haina neno na sisi." Akahamia kwenye maungio ya mabomba, moja baada ya jingine, kila moja alilipaka povu na kulikodolea macho kama mtu anayesoma mizani. Hakuna kitu. Musyoka alikuwa akitembea huku na huku, akichungulia chumba alichomo mama yake.

Mwisho Hassan akachuchumaa mbele ya gari, pale mfuko ulipokuwa. Nyuma ya ndoano kulikuwa na bomba jembamba, na juu yake doa la vumbi lenye mafuta, dogo kama punje ya kunde. Akapaka povu. Likavimba, likapasuka, likavimba tena, kama uji unapoanza kuchemka. Sikuwahi kufurahia povu namna hiyo.

Akaishika ndoano, ncha yake ilikuwa imesuguka mpaka inang'aa. "Nani ametundika hii?"

"Kaka yangu Mwendwa."

"Mwambie maji yake yamekunywa baridi yenu njia nzima."

Na bado hakuridhika. Alikagua mabomba yaliyobaki yote, maana, alisema, mwizi mmoja akikamatwa usilale mlango wazi. Ndipo akaitoa gesi iliyobaki, akalichomelea bomba, akafunga mashine ya kufyonza hewa, kisha akaizima na kuacha geji ya kupimia presha ikiwa imefungwa hapo. Sindano ilitakiwa ikae palepale. Ikisogea, bado panavuja.

"Weka gesi twende," Musyoka akamsihi. "Jua litatuishia."

"Acha liishe. Mama yako atafurahia kivuli."

Halima akachungulia mlangoni. "Mgonjwa wenu ananiambia chai yangu ina tangawizi nyingi."

Pale nikajua Kalekye amerudi. Sindano nayo haikusogea, Hassan akajaza gesi, mfuko na ndoano vikaingia ndani ya gari.

Tulipanda milima ya Nunguni jua likiwa limepoa, tukateremka hadi mji wa Wote, baridi ikipuliza vilevile. Kathonzweni tuliingia giza likianza, Mwikali akatoka mbio na taa mkononi.

Jumapili mchungaji aliweka maombi ya watoto mwanzoni kabisa, kabla bati la kanisa halijapata moto. Dada yangu alimbeba Kalekye mdogo kwa mikono ile ile yenye makovu. Mchungaji alipouliza jina alijibu kwa sauti iliyofika mlango wa nyuma, watu wakacheka na kupiga vigelegele.

Tukirudi Jumatatu kupitia Salama, Hassan hakungoja kuambiwa. Alipaka povu lake pale alipochomelea, akainama, akaitikia kwa kichwa. "Nendeni."

Nilichojifunza ni hiki. Nyumbani Nuu, kila alasiri, nilikuwa nambandika Kalekye vitambaa vya maji, vikikauka naloweka vingine. Jumanne sikuloweka. Nilimwita Mwendwa tukaizunguka nyumba, tukipapasa kuta kwa viganja, kutafuta joto linaingilia wapi. Ukuta wa machweo ulikuwa unaunguza, na kitanda chake kilikuwa kimeuegemea miaka yote hiyo. Tulikihamishia upande wa mawio. Kesho yake alilala mchana mzima, na beseni la maji likabaki limejaa.