Gari Lililofukizwa Udi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni jipya, na kufika saa nne asubuhi mgongo wake wote ulikuwa grisi. Ilikuwa yadi ndogo ya magari yaliyotumika, pale Ngamiani, nyuma ya maduka ya vitambaa. Niliajiriwa kuwa karani. Meneja wangu wa kwanza, Mdigo mnene asiyecheka ovyo, hakunionyesha meza wala kalamu. Alitandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari, akaniambia nilale.

"Binti, gari husomwa chini," alisema. "Huko juu kila mtu anasoma."

Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika shamba la mkonge Muheza, kwa hiyo grisi hainitishi. Nikalala. Akanifundisha kuisoma chesesi, ndiyo mifupa inayobeba gari zima. Kutofautisha kutu ya juujuu na ile iliyokwisha kula chuma. Kugonga bodi kwa kidole na kusikia mahali palipozibwa kwa puti, ule udongo wa mafundi rangi unaoficha mabonde. Kesho yake nilikuja na suruali chini ya kanga. Wanaume wa yadi wakanibatiza Mama Uvungu. Jina likaniganda, na baada ya mwaka mmoja nilikuwa nikiitika.

Nyinyi mnaouza magari leo kwa picha za simu, nielezeni kama hamjachanganya mambo haya mawili. Topapu ni kupeleka gari lako yadi, likakaguliwa na mtu kama mimi, ukapewa bei, ukaongeza kinachopungua na kuondoka na gari jingine siku hiyohiyo. Ni haraka, lakini yadi nayo inataka kula, kwa hiyo utapunjwa kidogo. Kuuza mkononi ni kutafuta mnunuzi mwenyewe. Bei ni nzuri, ila utapata matapeli, na watakaokuja kulijaribu gari lako ili wapigwe picha tu. Kwa gari la mbio, lile la milango miwili linalokaa chini, pengo huwa kubwa zaidi. Wanaolitamani ni wengi na wanaolinunua wachache, hivyo yadi huliogopa.

Nilikaa Ngamiani miaka saba, nikahamishiwa tawi la Korogwe, ambako Meneja wa Tawi alitaka kila ripoti iandikwe mara mbili kwa mkono. Nilimchukia kwa hilo, na leo namshukuru. Mwisho nikaletwa Raskazone, yadi yenye sakafu ya vigae, chini ya Meneja Mkuu kutoka bara, msomi, mpole wa sauti. Yeye alikuwa na amri moja: mkaguzi asimwambie mteja kamwe gari lake lingepata nini mkononi. Niliitii. Yadi ilikuwa yake.

Nikiwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu, akaja Mzee Seif kutoka Kigombe. Alikuwa mhandisi wa meli maisha yake yote, na kitu pekee cha anasa alichowahi kujinunulia kilikuwa gari jekundu la mbio. Nilimwamkia, akaitika, akanieleza shida yake bila kuzunguka.

"Mke wangu nyonga yamsumbua," alisema. "Kila Jumanne na Ijumaa twaenda hospitali kufanyishwa mazoezi. Kiti cha hili kipo chini mno. Kumtia na kumtoa, alia. Nataka lile la nyuma, lililoinuka."

Nilifungua mlango, nikapigwa na harufu ya udi kama niko chumbani kwa bibi harusi. Sasa sikilizeni. Katika kazi yetu gari linalonukia sana linashukiwa, kwa sababu lililozama kwenye mafuriko hutoa uvundo, na wenye nalo huufunika kwa manukato. Mvua ilikuwa imenyesha, vigae vimelowa, mgongo unaniuma. Nilikuwa nimekula chumvi nyingi katika kazi, nikajiona sina haja ya kulala. Nikaandika: linashukiwa limezama. Meneja Mkuu akatoa bei ya gari lililozama, na kwa bei hiyo lile la nyuma halikupatikana.

Mzee Seif hakubishana. Alichukua ufunguo, akasema taratibu kwamba mkewe, Bi Zuhura, amehangaika bure kulifukiza.

Nikamwuliza alilifukizia nini.

"Chini nalipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa tunayopaka ngalawa. Chumvi ya pwani hailigusi. Lakini lanuka. Akasema hatwendi kwa watu na shombo."

Nikavuta boksi, nikalala kwenye maji. Chesesi ilikuwa kavu, bolti zina rangi yake ya kiwandani, na shombo la papa ndilo hasa lililonipokea. Miaka thelathini na moja ya kulala chini ya magari, na siku niliyoona uvivu nikamponza mtu mwenye mke mgonjwa. Niliona aibu, naandika wazi.

Nilikwenda ofisini na gauni linachuruzika, nikaomba ripoti ibadilishwe. Meneja Mkuu akasema bei ikishatoka imetoka, na mteja ama aipokee ama aondoke. Akaniuliza kwa upole wake kama siwezi kumaliza miezi mitatu kwa amani.

"Nimeandika uongo," nikamwambia. "Ukifuta wewe, vizuri. Usipofuta, nafuta mimi."

Hakufuta. Nikakaa mezani kwangu, nikaandika ripoti nyingine kwa mkono, mara mbili kama nilivyofunzwa Korogwe, nikatia sahihi, nikampa Mzee Seif nakala moja na kumwambia auze mkononi. Nakala ya pili nilimwekea Meneja Mkuu. Jioni hiyo alitaka ufunguo wa kabati langu. Sikufanyiwa hafla ya kuagwa, na keki sikuila.

Kuuza mkononi hakukuwa rahisi, msidanganyike. Zilipita wiki tano. Bi Zuhura alikuwa akipelekwa hospitali kwa bajaji, na ile barabara ilimtesa. Kila mnunuzi alipokuja nilipanda basi hadi Kigombe na boksi langu kwapani. Sikuruhusu mtu aliendeshe peke yake. Sikuruhusu kadi ya gari, ile hati ya umiliki, itoke mkononi mwa Mzee Seif kabla ya benki kuthibitisha malipo. Kijana mmoja mwenye maneno matamu nilimpa vidonge vyake, akaondoka. Wa sita alikuwa daktari wa meno, mwanamke. Alinusa, akakunja uso.

"Lala uone mwenyewe," nikamwambia, nikamtandikia boksi.

Akalala. Alipoinuka, alilinunua.

Wiki hiyohiyo niliingia tena yadi ya Raskazone, safari hii nikiwa mkaguzi wa Mzee Seif. Lile gari lililoinuka lilikuwa bado lipo. Nilitandika boksi juu ya vigae vya Meneja Mkuu, nikalala mbele ya macho yake na kulisoma gari lake lote bila haraka. Niliposimama nilimwambia Mzee Seif alichukue. Meneja Mkuu akajitia hamnazo, akatia sahihi.

Watu huniuliza kama sijutii kumaliza kazi kwa kufukuzwa. Ninachojutia ni ile siku niliyoandika nikiwa nimesimama. Maumivu haya ya mgongo nimeyapata kihalali, na boksi ninalo hadi leo, limesimama nyuma ya mlango wa jikoni.

Ijumaa ya kwanza niliwasindikiza hospitali. Bi Zuhura aliweka mkono kwenye mlango, akajisogeza kitini, akakaa. Hakulia. Alipanga kanga yake magotini, akanitazama kwa wasiwasi.

"Mwanangu," akaniuliza, "na hili nisilifukize?"

"Lifukize, bibi," nikasema. "Hili hatuuzi."