Shikamoo Iliyoniumbua

Akija mtu kuniambia kwamba anayeandika mtandaoni kwa jina la bandia ni mwoga, huwa namtazama kwanza viatu. Mara nyingi ni viatu vizuri. Mwenyewe ana shamba ambalo hakuna wa kumtoa, ana kiti cha mbele kanisani, akikohoa tu watu wanamuuliza hali. Mtu wa namna hiyo ujasiri haumgharimu kitu. Zamani nilikuwa nabishana naye kwa upole, siku hizi sina upole huo.

Huku kwetu, kuanzia Ifakara hadi Masagati, hakuna anayesikiliza neno kabla ya kujua limetoka kwa nani. Ukifungua mdomo unaulizwa: "Wewe wa kwa nani?" Ukishajibu, basi, imekwisha. Kinachojadiliwa si hoja yako tena, ni baba yako, ni mjomba wako aliyegombania mpaka, ni mama yako aliyeolewa kutoka Mahenge. Ndiyo maana kundi letu la mtandaoni, la watu wa bondeni, lilijaa majina ya ajabu. Mmoja aliyejiita Kambale alisema anaimba kwaya, akauliza kama mwanaume naye anaweza kuwa chanzo cha kukosa mtoto. Mwanamke aliyejiita Maji Marefu aliuliza kama polisi huwa wanaandika kesi ya mke kupigwa na mumewe. Hao ndio mnaowaita waoga.

Mimi nilijiita Kwelea, yule ndege mdogo anayemaliza mpunga, ambaye kila mtu hapa anamtupia madonge ya udongo. Nilikuwa mwalimu wa darasa la saba katika shule ambayo sitaitaja. Mpunga ukianza kutoa masuke, lazima mtu akae shambani toka alfajiri hadi jua linapozama kufukuza ndege. Tunaita kuamia. Kila familia inaamia shamba lake, ndivyo tulivyokuta. Lakini mwaka ule wanafunzi wangu waliamia mashamba ya wakubwa wa kamati ya shule. Kwenye ratiba iliandikwa "kujitegemea". Nani aliyekuwa anajitegemea pale? Naingia darasani asubuhi nakuta watoto tisa, wengine wote wako juu ya madungu, vile vichanja vya miti mirefu vya kulindia mpunga, wanapiga madebe huku mtihani wa taifa unawasubiri.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba yangu mdogo. Baba alipofariki, mama aliendelea kulima kipande cha shamba kule Mofu, lakini msemaji wa ardhi ya ukoo akawa baba mdogo. Akisema lima, mama analima. Akisema toka, mama anatoka. Ningemsema kwa jina langu, mama yangu angekosa hata pa kupanda mstari mmoja wa mpunga. Kwa hiyo akaandika Kwelea. Aliandika siku, darasa, mashamba na idadi ya watoto, na hakumtukana mtu.

Kundi likachachamaa. Wazazi wa kule Mchombe wakasema hata kwao mambo ni hayo hayo. Ndipo baba mdogo, pamoja na picha yake ya suti, akaandika: "Huyo aliyejificha kwenye manyoya ya ndege ajitokeze kama mwanaume, tuone ana kipi cha kusema." Vijana wakamjibu walivyojua wao: we mzee vipi, mzee acha zako. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya ofisi ya walimu wakati wa mapumziko, nina hasira. Nikaandika haraka, nikatuma:

"Shikamoo baba mdogo. Watoto wa darasa la saba warudi darasani leo. Ndege waamiwe na wenye mpunga."

Niliposoma nilichotuma, nikaona nimejitaja mwenyewe. Toka nimejua kusema sijawahi kumsemesha mtu yule bila kutanguliza shikamoo, na magoti yangu huwa yanajikunja yenyewe. Hata siku niliyotamani kumrarua, vidole vyangu vilimpigia magoti. Nikaufuta ujumbe, lakini watu walikuwa wameshaupiga picha. Wengine wote wanamwita mzee, mwenyekiti au mjomba. Watoto wa marehemu kaka yake tuko watatu, na anayefundisha darasa la saba ni mmoja tu.

Kikao cha ukoo kiliitwa Jumapili baada ya misa. Baba mdogo alikuwa ameshakwenda Ifakara kwenye steshenari, akachapisha ile picha kwenye karatasi, akaipitisha mkono kwa mkono.

"Nani hapa ananiita baba mdogo, halafu anajua mambo ya darasa la saba?" akauliza, huku macho yake yako kwangu.

"Ni mimi," nikasema.

"Ulishindwa kuja nyumbani kuniambia?"

"Ningekuja, baba mdogo, ungenisikiliza? Au ungenikumbusha mama analima shamba la nani?"

Wazee wakaguna. Mmoja akasema sina adabu, kusoma kumeniharibu. Hakuna hata mmoja, naapa, hata mmoja, aliyeuliza kama ni kweli watoto wako mashambani. Baba mdogo wala hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba shemeji yake avune mpunga uliosimama, kisha kile kipande kirudi kwa ukoo. Yaani swali langu alilijibu palepale, mbele ya watu wazima, na hakuna aliyeona aibu.

Watoto walirudi darasani. Mnataka kujua lini? Mpunga ulipokwisha kuvunwa. Siku hiyo baba mdogo aliandika kwenye kundi kwamba kamati imesikia maoni ya wananchi, na watu wakampongeza. Nilitamani kuitupa simu mtoni.

Siku ya mwisho ya mavuno nilikwenda Mofu kumsaidia mama. Tulipiga mpunga juu ya turubai, tukajaza magunia, kisha akang'oa nguzo za dungu lake, moja baada ya nyingine, asiwaachie hata kuni. Toka siku ya kikao alikuwa hajanilaumu, na hilo lilikuwa linaniuma kuliko lawama yoyote. Tulipokaa kupumzika, akafungua pindo la kanga, akatoa ile karatasi ya steshenari. Sikujua kwamba aliichukua pale kikaoni.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea polepole, maneno yote, huku nimejiandaa kuomba msamaha.

"Na yeye aliitikia?"

"Nani, mama?"

"Baba yako mdogo. Si umemwamkia hapa? Alisema marahaba?"

Nikaitazama karatasi tena. Chini ya maneno yangu kulikuwa na vicheko vya watu na matusi mawili matatu. Nikakumbuka na kikao kizima, toka alipokaa hadi alipoinuka.

"Hakuitikia," nikasema.

Mama akaichukua karatasi, akaikunja, akairudisha kwenye pindo la kanga.

"Basi andika tena," akasema. "Jiite jina lolote unalotaka. Ila safari hii usimwamkie."