Namba Tatu Kutoka Kikwe

Kazi yangu ilikuwa kuwauliza wafiwa wameamkaje, ila sikuwauliza kwa mdomo. Kwa ajili ya utafiti, tulikuwa tumetengeneza mfumo uliowatumia meseji moja kila asubuhi: "Moyo wako ukoje leo? Jibu 1 kama uko vizuri, 2 wastani, 3 vibaya." Simu ya kitochi, isiyo na intaneti, ilitosha. Mimi nilikaa ofisini Ngarenaro, juu ya duka la vipuri, kelele za gereji zikipanda dirishani, nikiangalia namba zikiingia.

Mama mmoja wa kijiji cha Kikwe alijibu 3 kila siku, kabla ya saa moja. Mfumo ukamjibu tulivyoufundisha: pole, vuta pumzi taratibu, tembea kidogo, zungumza na mtu unayemwamini. Maneno hayo niliyaandika mimi, na siku nilipoyaandika niliyaona mazuri.

Utaratibu wetu ulisema mtu akijibu 3 siku saba mfululizo, muuguzi mshauri ampigie. Muuguzi alipiga siku tatu. Simu iliita mpaka ikakata. Kila asubuhi 3 iliingia kama kawaida.

"Nenda ukamwone," muuguzi akaniambia. "Kata zote hizi niko peke yangu, na leo kliniki imejaa."

Nikapanda bodaboda. Nilimkuta yule mama amekaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, akipukuchua mahindi. Alikuwa wa umri wa mama yangu. Ua lilikuwa limefagiliwa vizuri, nami nikaona aibu, maana nilitegemea kukuta nyumba iliyovurugika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa meseji?"

Nikakubali. Akanisogezea kigoda na hindi, nikaanza kupukuchua naye. Nikamuuliza kwa nini hapokei simu.

"Mume wangu alikufa kwa simu," akasema. "Alikunywa chai hapa, akaaga anaenda mjini. Mchana simu ikaita, namba yake mwenyewe. Nikapokea nikisema, ukirudi lete chumvi. Aliyejibu alikuwa mtu mwingine."

Tangu siku hiyo, simu ikiita anaifunika kwa mto. Meseji haimtishi.

"Na hiyo yenu inauliza," akasema. "Msiba ulipokuwa mbichi watu walijaa hapa. Kwaya ilikuja, kina mama wa usharika walileta ndizi. Sasa wakipita wananiuliza habari za shamba."

Nikamweleza kwamba hospitali yupo daktari wa kuongea naye. Akatikisa kichwa. "Mimi si kichaa, mwanangu."

Ilibidi nimkumbushe jambo jingine: meseji zingekoma baada ya wiki mbili. Ilikuwa kwenye fomu aliyosaini. Aliendelea kupukuchua mpaka hindi likaisha.

"Basi nitakuwa naamka tu," akasema.

Nilimwomba kiongozi wa utafiti tumwongezee muda. "Na wengine je?" akaniuliza. "Tukimpa yeye peke yake, kazi yote imeharibika." Sikuweza kubishana, kwa sababu kwenye kikao cha kwanza maneno hayo niliyasema mimi. Nilifikiria kwenda kuwaomba kina mama wa usharika wamtembelee, lakini nilikuwa nimeapa kutotoa siri ya mshiriki. Muuguzi alimtembelea mara moja, wakanywa chai, kisha kata nyingine zikamwita.

Ujumbe wa mwisho ukatoka: "Asante kwa kushiriki. Tunakutakia afya njema."

Kesho yake, kabla ya saa moja, 3 ikaingia kutoka Kikwe. Mfumo haukuwa na pa kuiweka, ukaitupa kwenye orodha ya majibu yasiyotambulika. Siku iliyofuata tena. Nikawa naifungua orodha ile kila nikifika ofisini, hata kabla ya kuvua koti. Siku ya tisa haikuwa na kitu.

Nikaenda. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani, aliyekuwa akikatia ng'ombe majani, akaniambia binti wa yule mama alikuja kumchukua, amempeleka kwake mjini, Sokon One.

"Atarudi lini?"

"Hakusema."

"Alikuwaje alipoondoka?"

"Mzima kabisa," jirani akasema. "Yule mama hana shida yoyote."

Nilisimama pale, kofia ya bodaboda mkononi, nikiliangalia lile kufuli.