Kicheko cha Bwana Kutu

Mwanamume mzima kumwonea wivu mtu wa kuchorwa ni jambo la aibu, na fundi bomba wetu alilijua hilo fika. Ndiyo maana hakumwambia mtu. Lakini wivu ulimkaba hasa, maana huyo Jabali alikuwa kila mahali nyumbani kwake: kwenye mkoba wa shule wa binti yake, kwenye kikombe, kwenye mlango wa friji, na kwenye rundo la vitabu vya katuni chini ya kitanda cha mtoto.

Na laiti ingekuwa katuni tu! Jabali alikuwa pia mchezo wa redio kila Jumamosi mchana, na humo fundi ndiye aliyetoa sauti ya Bwana Kutu, adui ambaye akigusa chuma kinageuka unga. Siku ya majaribio alikuwa ameenda kuomba nafasi ya Jabali mwenyewe. Akasoma mistari miwili, mama mtayarishaji akamkatiza: "Baba, koo hilo limekwaruzwa na nini? Wewe ni Kutu." Miaka ishirini ya kupiga kelele ndani ya matangi ya maji ndiyo iliyomponza. Nafasi ya Jabali akapewa Mtanashati, muuza bima mwenye sauti laini na viatu visivyojua tope.

Sasa hebu fikiria. Jumamosi familia imekaa sebuleni, redio inaunguruma mchezo uliorekodiwa katikati ya wiki. Jabali akizungumza, binti anaongeza sauti. Bwana Kutu akiingia, binti anaziba masikio kwa viganja viwili, na baba yake mzazi amekaa hapo hapo anamtazama! Fundi akasingizia kwenda kuangalia bomba la jikoni, ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

"Hivi mtu huyu ana nini?" alimuuliza mkewe siku moja.

"Nani?"

"Jabali."

Mkewe alicheka hadi akaacha kukunja nguo. "Mchana ni karani wa posta, bosi anamfokea, mwenye nyumba anamsumbua, na hakuna anayejua kwamba chini ya shati ana ngozi ya mwamba. Nani hataki kuwa hivyo? Hata mimi nikifokewa kazini najisemea moyoni, nyie subirini tu."

"Kumbe na wewe!" alisema fundi, akanuna siku mbili nzima.

Ukafika mchezo wa mia moja. Huo ulipangwa kuchezwa ukumbini mbele ya mashabiki, ukirushwa hewani papo hapo, na binti akapata kiti cha mbele. Asubuhi hiyo, baba akimfunga kamba za viatu, mtoto akasema taratibu, "Baba, nina ombi."

"Sema, mama."

"Uniombee sahihi ya Mtanashati."

Fundi alikaza kamba mpaka mtoto akaguta. Hakuwa anataka makubwa duniani. Alitaka mwanawe ampigie makofi yeye, japo mara moja. Ni mengi hayo?

Ukumbi ulifurika. Karatasi ilieleza wazi: Jabali anaangushwa mara mbili, anainuka, anapiga ngumi, Kutu anasema "Nimekoma!" na kuanguka. Mambo yalikwenda vizuri hadi kwenye ngumi. Kijana wa kutengeneza milio akapiga bati lake, ngwaa! Fundi akatupa jicho mbele, akamwona binti yake amesimama juu ya kiti, anampigia Mtanashati makofi kwa nguvu zake zote. Hapo wivu ukampanda kichwani. Nianguke? Leo sianguki, liwalo na liwe.

Badala ya kukoma, alicheka. Alicheka kile kicheko cha ndani ya tangi, kinachoanzia tumboni na kukwaruza njia nzima. "Umemaliza, karani?" Mtanashati akageuza karatasi, akakuta nyuma ni nyeupe. "Nikishaila ngozi yako nitaila na posta, halafu nitalila jina lako. Kesho bosi wako atamwita nani?"

Jasho lilimtoka Mtanashati. Ile sauti laini ikakatika. "Mimi... sijui nifanye nini," alisema, na masikini ya Mungu, hakuwa anaigiza.

Kisha bibi mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Inuka, mwanangu!" Mwingine akadakia, "Inuka, karani!" Mara watu wote wamesimama, watu wazima na suti zao wanapiga miguu sakafuni, wengine wanajifuta machozi. Katika michezo yote tisini na tisa hawakuwahi kumpenda Jabali namna ile, kwa sababu hawakuwahi kuamini kwamba anaweza kushindwa. Fundi akaelewa alichokifanya. Kadiri alivyomkandamiza mwenzake ndivyo alivyozidi kumpamba. Kazi bure! Akajitupa chini, "Nimekoma!", wala hakuna aliyemsikia.

Mtanashati alibebwa juu mabegani. Mtayarishaji akamfuata fundi nyuma ya pazia, na fundi akajua kibarua kimeota nyasi. "Kila wiki iwe hivyo hivyo," mama akasema, kisha akakimbilia kumpongeza Mtanashati. Fundi akabaki na soda yake iliyokwisha gesi.

Walirudi nyumbani kwa miguu, baba na binti, jua bado kali. Sahihi ilikuwa mkobani, imetiwa kwa wino wa dhahabu, si unajua tena. Binti alikuwa akimtupia baba yake jicho la pembeni.

"Baba."

"Naam."

"Keshokutwa unipeleke shule wewe."

"Mama yako je?"

"Hapana, wewe. Kuna mmoja ananinyang'anya penseli kila siku. Nataka umpige kile kicheko."

Fundi akasimama. "Si umwite Jabali wako?"

"Jabali ni wa watu wote. Hata huyo wa penseli ana mkoba wa Jabali." Akamshika baba yake kidole. "Kutu ninaye mimi peke yangu."

Fundi aliinama, akaanza kukaza kamba ya kiatu cha mtoto ambayo wala haikuwa imelegea. "Huyo wa penseli," aliuliza akiwa hapo chini, "anakaa dawati gani?"

"La mbele. Ila ukitaka kucheka uniambie kwanza, niwahi kuziba masikio."