Matundu Manne Tumboni

Mwaka 1968 nilikuwa na miaka tisa. Baba alifariki masika yale, nikaacha darasa la pili kwa sababu jembe lake lilibaki bila mtu. Tangu hapo sijapewa kitu na mtu. Shamba la Mofu nililifyeka matete mwenyewe. Nyumba ya Lipangalala, hapa Ifakara, matofali yake nilifyatua mwenyewe. Na gunia la mpunga wangu lilikuwa halijawahi kupanda bega la mtu mwingine. Nayasema mapema ili ieleweke nilichoogopa kupoteza nilipougua. Kufa sikuogopa sana. Niliogopa kubebewa.

Nilikuwa na miaka sitini na nne nilipoanza kuona damu kwenye choo kikubwa. Sisi wa majarubani damu hiyo haitushtui. Tunasimama ndani ya maji tangu utoto, kichocho, cha mkojo na cha tumbo, tunakijua kama mtu anavyojua mafua. Nikaenda zahanati, wakanisimamisha kando ya fimbo ndefu yenye alama, wakanipimia vidonge kulingana na urefu wangu, nikameza. Damu ikapungua, ikarudi. Nikameza tena. Mwaka mzima nalaumu maji ya shamba.

Mke wangu ndiye aliyenishika siku naongeza tundu la tatu kwenye mkanda kwa msumari.

"Baba watoto, kichocho gani hiki kinachokondesha mpaka mkanda?"

Nikauweka msumari chini, nikaenda hospitali ya mjini. Wao wakanipeleka Dar es Salaam. Huko nilivuliwa suruali mbele ya wasichana wa umri wa wajukuu zangu, wakaingiza kamera kwa nyuma. Sitaeleza zaidi. Wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana, upande wa kushoto. Saratani.

Daktari wa upasuaji alikuwa binti mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unanipasua wewe?"

"Mimi na wenzangu. Ila hatutakupasua kama zamani. Tunatoboa matundu manne madogo. Moja linaingiza kamera, mengine vifaa, sisi tunaangalia kwenye tivii."

Nikamwambia ukweli wangu. "Binti, mimi nalima ekari nane. Ekari nane hazilimwi kwa kijiko. Kama ugonjwa ni mkubwa, nipasueni pakubwa."

Akacheka, halafu akaacha. "Mzee, ndani tunakata kile kile. Tunatoa kipande chenye ugonjwa na tezi zake, tunaunganisha ncha mbili. Kipande kitatokea hapa chini ya kitovu, upana wa vidole vinne. Tofauti ni kwamba hutalala wiki tatu."

Hakujua nilichokuwa nawaza. Kaka yangu mkubwa alipasuliwa utumbo miaka ya nyuma, kovu kutoka kifuani mpaka chini ya kitovu. Akifunua shati, watu wananyamaza. Mpaka anakufa hakuna aliyemwambia shika jembe. Kovu lile lilikuwa cheti chake. Mimi cheti sikukitaka, lakini nilijua watu wanavyosoma.

Wakanitoboa. Siku ya pili wakaniamsha nitembee, wakanipa uji. Nilitegemea kulala kama maiti, nikajikuta natafuta kandambili. Siku ya sita nikaruhusiwa. Majibu ya kile kipande yalikuwa mazuri, ugonjwa haukuwa umevuka ukuta wa utumbo. Daktari akanikazia macho: "Miezi miwili usinyanyue kitu kizito. Nje padogo, ndani tumeshona sana. Umenisikia, mzee?"

"Nimesikia." Na kweli nilisikia. Kusikia hakukunishinda.

Nilirudi Ifakara watu wakija kunipa pole wananikuta natembea uani. Wanatazama tumbo, wananywa chai, wanaondoka na maswali yao. Wengine walisema nilikwenda Dar kutembea.

Wiki ya tano ilikuwa mavuno. Nikamwambia mke wangu nakwenda Mofu kusimamia tu, naye akafuatana nami. Jirani yangu wa shamba ni Msukuma, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake, mtu mzuri mwenye mdomo. Alileta mkokoteni wa ng'ombe kusomba magunia yangu.

"Mzee, nasikia wamekukata utumbo. Wamekukatia wapi?"

Nikafunua shati. Akainama, akatazama karibu kabisa kama anayetafuta kupe.

"Hii? Hii si umeng'atwa na mbung'o! Ng'ombe wangu nikimhasi tu, kovu linaonekana kuliko hili. Mama, huyu mzee amekudanganya, amekimbia mavuno!"

Wavunaji wakacheka. Mke wangu pia alicheka kidogo. Nadhani ni kile kicheko chake kilichonisukuma. Nikainama, nikakumbatia gunia, nikalitupa begani, nikatembea nalo mpaka kwenye mkokoteni. Hatua kumi na moja. Kwenye ya tisa nilisikia kitu kinachanika chini ya kitovu, kama kanga kuukuu. Nikamalizia mbili zilizobaki.

"Umefanya nini?" mke wangu akauliza. Hakupaza sauti. Kulikuwa na uvimbe laini pale, kama limao chini ya ngozi.

Daktari yule yule ndiye aliyenipokea tena Dar. Hakunigombeza, ningefurahi angenigombeza. "Ukuta wa tumbo umeachia, mzee. Utumbo niliouunga uko salama." Safari hii walinipasua kweli, wakashonea wavu ndani wa kushikilia ukuta wa tumbo, nikalala siku nyingi. Akaniambia mizigo basi. Si miezi miwili. Basi.

Jirani alikuja nyumbani na jogoo. "Mzee, utani uliniponyoka."

"Gunia nililinyanyua mimi," nikamwambia. "Kaa unywe chai."

Sasa ni msimu wa tatu. Kila miezi sita naenda kupimwa, ugonjwa haujarudi. Nachoka mapema. Asubuhi nakwenda mpaka mwisho wa jaruba la kwanza, nakaa kwenye tuta.

Nilichonacho leo ni hiki. Ekari nane Mofu, tatu nalima, tano amekodi jirani. Nyumba ya vyumba vinne, bati zima. Pawatila moja ya kulimia, injini imechoka. Baiskeli. Mbuzi saba. Mke mmoja. Magunia kumi na saba ya mpunga stoo, yote yameingizwa na vijana wa kukodi, nami nimeshika mlango.