Mate Juu ya Karatasi

Miaka ile ya Wabelgiji, mutoto hakuchagua shule ya kuendelea; namba yake darasani ndiyo iliyomchagulia. Padri wa misheni yetu, huku Kabambare, alitutangazia mapema: wa kwanza atasomeshwa bure seminari, awe padri. Wa pili atasomeshwa bure mjini Kasongo, awe mwalimu. Wa tatu kwenda chini watarudi kulima pamba ya serikali.

Mimi nilikuwa wa kwanza tangu nianze shule, na mama alinizaa mimi tu. Aliposikia habari hiyo aliacha kutwanga, akashika kiuno. "Sasa wajukuu wangu watatoka wapi? Mu misa?"

Basi nikaapa nitakuwa wa pili. Jamani, kuwa wa pili ni kazi kuliko kuwa wa kwanza! Ukikosea kidogo, seminari. Ukikosea sana, pamba. Na rafiki yangu, wa pili wa siku zote, naye aliitaka Kasongo, maana alikuwa na mchumba. Wiki nzima tulichungana, kila mmoja akimsifu mwenzake kwa akili.

Siku ya mtihani mkono wangu ulinisaliti. Uliandika majibu ya hesabu sawasawa, kwa mazoea tu. Nikalamba kidole, nikafuta matatu, nikaandika uongo juu yake. Hivyo ndivyo tulivyofuta kila siku kwenye vibao vyetu vya mawe. Lakini siku hiyo tulipewa karatasi na penseli, na mate hayafuti penseli, yanaichafua tu.

Padri aliinua karatasi yangu dirishani, akasoma yaliyo chini ya uchafu, akanipa alama zote. Mbele ya wazazi akausifu unyenyekevu wangu, eti ndio unaomfaa padri. Mjinga mimi! Rafiki yangu alikosea kwa akili, akaipata Kasongo yake.

Mama hakulia. Alinifungia karanga, akaingia ndani. Aliyelia ni mimi, njia nzima.

Baada ya miaka sita nilirudi likizo, nikakuta mutoto anatambaa uani kwetu. Rafiki yangu, sasa mwalimu mwenye mke, alikuwa amemletea mama mzaliwa wake wa kwanza. Alimwambia, "Mama, mujukuu wako huyu. Mupe jina." Mama akampa langu.

Jioni ile mama aliita jina hilo kutoka jikoni, kwa sauti tamu ambayo nilikuwa nimeisahau. Niliitika, nikasimama. Alikuwa anamwita yule mdogo.