Dungu Halikuungua

Mwaka ule jua lilikuwa na kisirani. Vuli ilikataa kuja, na bonde letu huku juu, kuelekea Mloka, lilikauka mpaka nyasi zikawa zinavunjika ukizigusa. Mchanga wa uwanjani ulitubabua nyayo. Kuku walishinda kivulini chini ya dungu, midomo wazi. Dungu ndiyo nyumba yetu ya shamba, imesimama juu ya miti mirefu kukwepa mafuriko na viboko, na kuingia ni kwa ngazi. Tuliishi watatu: mie, binti yangu aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kusema, na baba mkwe. Mume wangu alikuwa vitani, vilimani Umatumbi, akipigana na Wadachi.

Sasa, kwetu mkwe haguswi. Humtazami usoni wala humsemeshi. Ukiwa na neno unamwambia mtoto, mkwe anasikia. Na mie neno nilikuwa nalo, tena zito. Kila mwaka, nyasi zikiwa bado na ubichi chini, wanaume wa bonde hukusanyika wakachoma ukanda kuzunguka kila dungu, ili moto wa kiangazi ukija ukute pameshaungua. Mwaka ule wanaume hawakuwapo. Nyasi zilisimama mpaka ukingoni mwa uwanja, zimenipita kimo.

"Mwambie babu yako," nilimwambia binti yangu, "nyasi hizi tuzichome leo, la sivyo zitatuchoma sisi."

"Mwambie mama yako moshi utawaita askari," mzee akajibu huku akichonga mpini wa jembe. "Na dawa ipo."

Dawa yenyewe ilikuwa maji ndani ya kibuyu, aliyoyafuata Ngarambe kwa miguu yake wakati watu walipokuwa wakimiminika huko. Waliambiwa aliyeyanywa akipigwa risasi, risasi itageuka maji. Mzee akaongeza lake: kama yanaiweza risasi, nyasi zinazoungua ni kitu gani? Akazunguka dungu akinyunyiza kwa usinga, akakataza mtu yeyote kuwasha moto karibu na mstari ule. Mtoto alimfuata nyuma akicheka, anadhani ni mchezo. Mie nilitwanga mpunga kwa hasira mpaka mchi ukanichubua viganja.

Yalitufika mchana, jua la utosi, upepo mkali ukitoka juu ya bonde. Binti yangu alikuwa amelala dunguni. Bunduki zikalia, kisha moshi ukapanda. Askari wa Mdachi walikuwa wanachoma madungu ya wenzetu pamoja na maghala yao. Mara jirani yetu, aliyekuwa amerudi juzi kutoka vitani, akachomoka kwenye nyasi, mmoja wa watu wa kwanza kuyanywa maji yale. Akainua mkono kutuashiria tukimbie. Risasi ikamwingia mgongoni ikatokea kifuani. Akaanguka uwanjani kwetu, akawa anakwangua mchanga kwa kucha, damu ya mapovu ikimtoka mdomoni, hata akatulia. Mtu niliyekula naye jana yake!

"Maji yako wapi?" nilipiga ukelele, bila kujua namwambia nani.

"Huyu kavunja mwiko wa dawa," mzee akasema. "Alilala na mkewe." Akapanda dunguni mbio na kuivuta ngazi juu.

Loo! Mwanangu yuko juu, mie niko chini, na moto unakuja. Askari hawakuwa na haja ya kutufikia, upepo ulikuwa unawafanyia kazi. Nilisikia nyasi zikipasuka, nikaona nguruwe anapita uwanjani manyoya yanawaka, anapiga kelele hata binadamu halii vile. Nikatupa adabu yote.

"Baba, nipe mwanangu!"

"Akitoka nje ya mstari atakufa!" Alikuwa amemkumbatia kifuani, mtoto ananiita, na yeye mwenyewe analia. Alimpenda yule mtoto, wallahi alimpenda, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mwovu ningemrushia jiwe.

Nikachomoa kijinga cha moto jikoni, nikakimbilia ukingo wa uwanja, upande moto unakotoka. Alipotambua nafanya nini akapiga kelele kwamba naharibu dawa, nawaua wote. Kitu kikanipiga begani kama teke la punda. Kumbe ni mkuki wake. Ulichana nyama ukaanguka mbele yangu, na damu ikateremka mpaka kwenye kijinga, ikachemka. Sikugeuka. Nilitia moto hapa, nikatia pale, kuuzunguka uwanja, nikavunja tawi bichi la mwembe na kuupiga usirudi uwanjani. Moto wangu ukatambaa kwenda kuukuta ule mkubwa. Ulipokutana nao ulinguruma, joto likaninyofoa nyusi, nikaanguka kifudifudi kando ya maiti ya jirani.

Nilipoinua kichwa, pande zote palikuwa peusi. Dungu limesimama. Binti yangu alikuwa anakohoa, kisha akalia kwa nguvu zake zote, nami nikacheka peke yangu pale chini kama mwendawazimu.

Mzee alishuka akapiga magoti. "Mmeona?" akawa anasema. "Mmeona dawa?"

Mume wangu alirudi siku chache baadaye, mbavu zinahesabika. Alikuwa ameona wenzake wakifyekwa na bunduki inayotapika risasi bila kupumua. Akaninong'oneza kwamba harudi tena. Tutashuka Maparoni, kule mto unakoingia baharini, kwa mjomba wake, tukalime mpunga na kuvua. Nilianza kufunga vyombo saa ileile.

Ndipo mzee alipomshika mkono, akamzungusha kwenye uwanja. Nje peusi, ndani mchanga mweupe. Mume wangu aliinama akaupapasa mpaka ule kwa vidole.

"Mwambie baba yako," nilimwambia binti yangu, maana mkwe alikuwapo, "moto ule aliuwasha mama."

Mtoto akalisema vizuri kabisa, neno kwa neno. Mume wangu akanitazama bega.

"Ni kweli aliuwasha," mzee akasema. "Nilimtupia hata mkuki asiiharibu dawa. Na bado dawa ikashinda."

Mume wangu akauzunguka mpaka ule tena, safari hii peke yake. Jioni akanywa maji yaliyobaki kwenye kibuyu, na alfajiri akaenda zake vilimani. Vyombo vyangu nilivifungua kimoja kimoja.

Habari ilitufika mvua zikianza. Risasi ya kifua, mume wangu akafa palepale. Mzee alisikiliza amekaa chini ya dungu, kisha akatikisa kichwa.

"Kavunja mwiko," akasema. "Alipokuja hapa alilala na mkewe."

Mtoto alikuwa kando yangu, anangoja nimpe neno la kupeleka. Sikumpa. Nilimwendea mzee mpaka mbele yake, nikamtazama usoni.

"Hakunigusa, Baba. Usiku ule alipoyanywa maji nilimwomba, akalala ameelekea ukuta, amenipa mgongo. Alisema asije akaiharibu dawa yako."